Kata, Bibi Harusi wa Mzaha

Zvonko mwanangu, zima hiyo redio, na wewe Verica acha kunipangia mito, ukiongeza mmoja tu nitakuwa nimeketi, na nguvu za kuketi sina. Stipan, mkwe wangu, ingia ndani, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Haya yanakuhusu na wewe. Nitegeeni masikio, wanangu, wala msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja. Daktari aliwaambia nyinyi kule kwenye korido, mimi hakuniambia, lakini mwenye mwili ndiye ajuaye mwili wake.

Nimechoka. Nimelima udongo mweusi wa huku kwetu Slavonia tangu miguu yangu haijafika kwenye pedeli za trekta, nimemzika mama yenu, nimeona vita ikija na kuondoka, na yote hayo hayakunichosha kama maneno ya juzi. Mnadhani mgonjwa akifumba macho amefumba na masikio. Zvonko, ulikuwa hapo dirishani na dada yako, umeshuka kwenye ndege ya kutoka Ireland hata koti hujavua, ukasema, "Mzee akiondoka tunauza nyumba, shangazi tunampeleka kwenye nyumba ya wazee ya masista, kule kuna joto na supu, watamtunza." Verica akakwambia, "Sema polepole, shangazi yuko jikoni." Ukajibu, "Ndiyo maana nanong'ona." Haya, umenong'ona, na nimesikia.

Sasa kabla sijagawa changu, nitawarudisha kwenye harusi yako, Verica, maana kila mmoja wenu anaikumbuka kwa namna yake. Nyinyi mlicheza. Mimi mzazi harusini ni mtumishi aliyevalishwa suti. Tulichinja nguruwe, tukaazima mabenchi, nikaenda kwa jirani Jozo kuomba hema lake akaninyima kwa ajili ya ule mplamu wangu, mti wa plamu ulioinamia uani kwake, eti mpaka niukate. Mplamu bado upo, na hema lake limeliwa na panya. Asubuhi ya harusi nilikuwa nimesimama kizingitini na sinia la rakija, pombe yetu kali ya plamu, viatu vinanibana, nikiomba siku ile iishe.

Na desturi yetu mnaijua. Watu wa bwana harusi wakija kumchukua binti hatuwapi hivi hivi. Kwanza tunawatolea bibi harusi wa uongo, kikongwe wa kuchekesha, wamkatae, wacheke, wanywe, ndipo wa kweli atoke. Kijijini kwetu kazi hiyo ilikuwa ya Pero mchinjaji na masharubu yake. Siku ile Pero alikuwa amelewa tangu alfajiri, amelala kwenye majani ya ng'ombe na gauni lake mwilini. Basi wewe, Zvonko, ukapiga kelele, "Si tuna shangazi Kata!" Ukaingia jikoni ukamfunga pazia kichwani, ukampaka masizi mashavuni, ukamshikisha fungu la vitunguu majani badala ya maua. Akakwambia, "Mwanangu, supu yangu itashika chini." Ukasema, "Dakika mbili tu, shangazi, usituharibie harusi!" Akakubali, kwa sababu ulimwomba wewe, na yule hajawahi kukunyima kitu.

Mnamjua Kata, lakini ngoja niseme, maana linalojulikana na wote husahauliwa na wote. Manda wangu alipokufa, wewe Verica ulikuwa bado unanyonya, na wewe Zvonko unakojoa kitandani, usinikunjie uso, ulikuwa unakojoa. Dada yangu Kata alikuwa mchumba wa seremala wa kijiji cha pili, gauni limeshonwa, siku imetangazwa kanisani. Alikuja matangani na kimfuko kimoja, akasema atakaa mpaka mtoto aache kulia. Yule seremala alingoja, tena alingoja kwa heshima, halafu akaoa mwingine, na simlaumu. Kwa hiyo lile pazia la jikoni, wanangu, ndilo shela pekee ambalo dada yangu amewahi kuvaa. Ulikuwa hulijui hilo, Zvonko? Ulilijua. Hukulifikiria tu.

Akatoka nje, jua likampiga usoni na masizi yake. Ua mzima ukaangua kicheko. Mpambe wa bwana harusi akapaza sauti, "Huyu hafiki hata kanisani, mpelekeni makumbusho!" Mwingine akadakia, "Meno yake mmeyaacha kwenye glasi?" Na Kata naye anacheka, mkono mdomoni, kwa sababu harusi ni harusi na yeye si mtu wa kuharibu shughuli ya watu. Mimi namjua dada yangu tangu tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo, na nakuambieni, hakuwa anacheka.

Hapo ilikuwa zamu yako, Stipan. Ulitakiwa useme, "Si huyu, leteni mwingine!" Wewe ukavua kofia, ukamshika mkono ukaubusu, ukasema, "Huyu namjua. Ndiye aliyemlea mke wangu. Simkatai." Mshika bendera wa msafara wenu akakunong'oneza, na mnong'ono wake ulisikika mpaka barabarani, "We Stipan, ni desturi tu, mkatae tukale!" Ukamjibu, "Mkatae wewe. Mimi namchukua huyu, na yule mwingine mnitolee pia." Wapiga tambura, na vinanda vyao vya nyuzi mikononi, hawakujua wapige nini.

Nami nilikuwa sikutaki, mkwe wangu, nilikwambia wakati ule na leo sioni haya kulirudia. Mtu wa kuja, umetoka Bosnia wakati wa vita na mama yako na sufuria moja, nikamwambia Verica, "Huyo hana hata mti wake mwenyewe wa kujinyongea." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nilipona pale pale kizingitini, sinia mkononi.

Ukampandisha kwenye gari la mbele. Kanisani ukamketisha kando yangu, benchi la kwanza, mahali pa Manda, na alijifuta uso kwa haraka hivi kwamba masizi yalibaki sikioni. Padri alihubiri upendo mpaka watoto wakaanza kulia. Kisha Verica akasema yale maneno, nakuchukua wewe, katika shida na raha, na nilipogeuka nikaona midomo ya Kata inayasema pamoja naye, bila sauti, neno kwa neno, anayajua yote. Nikalia, wanangu. Watu walisema baba anamlilia binti. Nisamehe, Verica, sikuwa nakulilia wewe.

Na kwenye karamu, ukumbini kwa zimamoto, nani alipanga viti? Wewe, Zvonko. Kata hukumpangia kiti, ulimpangia jiko, pamoja na wapishi, eti ndiko alikozoea. Supu ikaletwa, watu wamekamata vijiko, Verica akaweka chake chini. "Shangazi yuko wapi?" Ukamwambia, "Kula bwana, supu inapoa, atakula baadaye." Akasema, "Basi na ipoe." Wageni ukumbi mzima wakatazama mvuke ukikatika kwenye sahani zao mpaka Kata alipotolewa jikoni, aproni kiunoni, anaona haya, anasema, "Jamani, mnanitia aibu, kuleni." Ukamkatia nyama kwa mkono wako, Verica, kama alivyokukatia wewe.

Ulikuja kunilalamikia, mwanangu. "Baba, ulikuwa mzaha." Ndiyo, ulikuwa mzaha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sisemi wewe ni mbaya. Mtu mbaya hanitengenezei paa kila kiangazi, wala hapigi simu kila Jumapili. Wewe ni mtu wa haraka. Unaona kitu kizee, unatafuta pa kukiweka. Juzi ulitafuta pa kumweka Kata ukapata kwa masista, na huko kuna joto, sikatai, ila hakuna ndugu yake wala mtoto aliyelelewa na yeye. Fadhila ya punda isiwe mateke katika ukoo wangu, angalau mimi nikiwa bado napumua.

Nipe maji. Kidogo tu. Haya.

Shamba la kando ya mfereji ni lako, Zvonko, pamoja na trekta. Ukitaka kuuza uza, sitakuja kukuuliza. Mizabibu na shinikizo la divai ni vya Verica, na mkufu wa dukati, zile sarafu za dhahabu za mama yenu, ni wake, asimpe bintiye mpaka ajue thamani yake. Mplamu ule mumwachie Jozo matunda yote yanayoangukia kwake, ila msiukate. Nimemchukia muda mrefu mno na nimechoka kumchukia, lakini kukata sikati.

Nyumba nilitaka kumpa Stipan. Ndiyo, Zvonko, wewe keti. Nilimwita nikamwambia, chukua nyumba, umtunze dada yangu. Akakataa. Akaniambia, "Baba, ukinipa mimi, shangazi atakuwa mgeni wangu. Mimi nimelala kwenye nyumba za watu, najua. Mtu anakula huku anatazama uso wa mwenyeji. Mpe mwenyewe." Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Kisha nikamwita wakili, nikatia sahihi. Nyumba hii, na jiko lake, na paa lako, Zvonko, ni ya Kata. Akifa atampa amtakaye, na akimpa paka wa Jozo nitacheka huko niliko.

Mnizike kando ya Manda, na upande wangu wa pili mwache nafasi ya dada yangu. Padri aseme kwa ufupi. Tambura wapige wimbo mmoja, wa furaha, nimeshachoka na ya huzuni.

Sogeeni. Mikono yangu haipandi tena, nyinyi inamisheni vichwa. Mungu awape mvua kwa wakati wake... awape watoto wasioona haya kuwatunza... Stipan, na wewe inama, wewe ni mwanangu. Msigombane juu ya kaburi langu. Radhi yangu mnayo, yote, wewe pia Zvonko, wewe hasa.

Sasa, Zvonko... nenda jikoni. Anaoka keki za matanga yangu, anadhani sisikii harufu ya kokwa za jozi. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, asisikie kwa wakili. Atasema hataki. Mwambie tena. Halafu umlete hapa, nimuage... Amelea watu ndani ya nyumba hii, na mpaka leo akija chumbani kwangu anasimama nje, anagonga. Mwambie aingie tu, mwanangu. Mwenye nyumba hapigi hodi.