Mektrida wa Kilema na Shikamoo ya Kukaa

Padre, Mzee Thadeus, ndugu na majirani mliopanda huku kwa miguu na matope haya: asanteni. Mimi ni Lukresia, mdogo wa marehemu. Nimepewa kazi ya kueleza maisha yake, na nitayaeleza yalivyokuwa, maana yeye mwenyewe alichukia kupambwa.

Mektrida alizaliwa Kilema tarehe 2 Mei 1907, akabatizwa juma lililofuata. Alikuwa mtoto wa pili, na wa kwanza kwa maneno. Mama yetu alisema alianza kubisha kabla hajaota meno.

Shule ya misheni aliianza mwaka 1918. Alijifunza kusoma, kuandika, hesabu na kushona kwa mkono. Mwaka 1921 baba alimtoa, akisema msichana akishajua kusoma barua ya mumewe, imetosha. Mume alichelewa, na barua haikuja.

Hakukaa kuingoja. Alibeba ndizi kichwani mpaka soko la Himo, akarudi na chumvi na magadi, akauza huku juu. Miaka kumi na saba alifanya kazi hiyo. Wengi wenu mmekula kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa kwa magadi yake, na wengine mlijaribu kumpunja mkashindwa.

Tarehe 14 Januari 1939 alifunga ndoa na shemeji yangu Basili, aliyekuwa amefiwa na mke, mwenye binti mmoja wa miaka minne, Priska. Mungu akawajalia Sirili mwaka 1940 na Primus mwaka 1943. Kwa desturi watu walianza kumwita Mama Sirili. Hakuitika. Alisema, "Sirili ana dada yake. Anzeni kuhesabu juu." Ndiyo maana mpaka leo anaitwa Mama Priska.

Sasa nifike kwenye kazi kubwa ya maisha yake, ambayo haikuwa sokoni.

Jumapili ya Matawi, tarehe 21 Machi 1948, wakati wa somo refu la Mateso, watu wote wamesimama, Priska alianguka kanisani. Alikuwa anaelekea miaka kumi na minne. Akaanguka tena shuleni kwenye mstari wa asubuhi, akaanguka tena mferejini akiinuka na ndoo. Kila akisimama, macho yaliingia giza na moyo ulikimbia kama umefukuzwa. Maneno yakaanza. Wengine walisema kifafa, wengine pepo. Dominika, dada yake Basili na wifi wa Mektrida, yeye aliuliza mbele za watu, "Damu ya mtoto inakwenda wapi? Muulizeni mama wa kambo." Dominika yupo hapa. Nikikosea neno anisahihishe.

Mwezi wa Juni Mektrida alimpandisha binti kwenye lori wakashuka mpaka hospitali ya serikali Moshi. Daktari alimpima amelala, akampima tena amesimama. Kisha akawaeleza kwamba si kifafa wala pepo: binti huyu akisimama, damu yake huteremka miguuni na kuchelewa kurudi kichwani.

"Dawa ya kuiondoa shida hii sina," alisema.

Mektrida akamjibu, "Basi nipe ya kuishi nayo."

Akapewa, na haikuwa ya chupa. Maji mengi, na chumvi kuliko watu wengine. Asiinuke ghafla. Asisimame mahali pamoja muda mrefu. Miguu ifungwe vitambaa kuanzia nyayo mpaka magotini. Akisikia giza linakuja, alale chini palepale, miguu iwekwe juu. Na atembee kila siku, asilelewe kitandani.

Ni rahisi kuyasema. Kuyafanya kila siku, na msichana wa umri ule, mwenye aibu na hasira zake, ni jambo jingine. Asubuhi, kabla Priska hajanyanyua kichwa, Mektrida alikuwa amesimama pale na kibuyu cha maji ya chumvi.

"Mama, nanyweshwa kama ng'ombe!"

"Ng'ombe haanguki kanisani. Kunywa."

Alikunywa, akachezesha vidole vya miguu, akakaa kitandani kwanza, halafu akasimama ameshika nguzo. Vitambaa vilitokana na kanga kuukuu. Priska alivichukia kwa sababu wenzake walimwita Miguu ya Maiti. Mektrida hakumwambia wenzake wana makosa. Alimshonea gauni refu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, alikatazwa. Kazi hakukatazwa: alimenya ndizi amekaa, alipembua kahawa amekaa, na jioni alitembea kufuata mfereji mpaka kwenye banio, pale maji yanapozuiwa, na kurudi, mvua au jua. Siku mbaya zilikuwepo, siku za kichwa kuuma na mikono kutetemeka, na siku hizo alilala, bila kuitwa mvivu. Kesho yake kibuyu kilirudi. Mektrida alikuwa akisema juu ya ugonjwa ule, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni hataki kuondoka, basi atalima." Alikwenda mwenyewe kumwona mwalimu, na kuanzia hapo Priska alikaa kwenye jiwe wakati wenzake wamepanga mstari.

Kilichobaki kigumu kilikuwa adabu. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akiingia, mtoto anaruka na kusimama ndipo aseme shikamoo. Priska akiruka anaanguka. Mektrida akamwamuru aamkie amekaa. Mji mzima ukasema mama wa kambo ameharibu mtoto. Wakamwita Mangi Priska, maana mangi, mtawala wetu, ndiye anayesalimiwa amekaa.

Tarehe 26 Desemba 1949 ukoo ulikutana nyumbani kwa Mzee Thadeus, babu yake Priska. Dominika alikuwa amemtafutia Priska mchumba, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye shamba la mahindi Mabogini. Alidai binti akiolewa na kuzaa, damu itatulia. Mektrida alikuwa amekwisha kumjibu, "Asiyeweza kusimama kivulini kanisani atasimama na jembe kwenye jua la Mabogini?" Jambo lilikuwa liamuliwe siku ile.

Mzee akaingia. Watoto wote wakasimama. Priska akabaki kwenye gogo lake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Mzee hakuitika.

Dominika akasema, "Mnaona malezi? Hata mangi mwenyewe anamwinukia baba yake! Wewe, simama!" Akamshika mkono.

"Mwache!" Mektrida akapaza sauti, mbele ya baba mkwe wake, jambo ambalo mke wa ukoo ule hakuwahi kulifanya. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuvutwa. Priska alisimama wima, akawa mweupe midomo, akaenda chini. Nyusi ilipasuka kwenye jiwe la jiko. Alama ile mnaiona mpaka leo.

Wanawake wakapiga kelele za pepo. Mektrida hakupiga. Alimgeuza chali, akatafuta kitu cha kuwekea miguu, na kilichokuwa karibu ni kiti cha Mzee mwenyewe, kile cha miguu mitatu ambacho hata Basili hajawahi kukikalia. Akakivuta. Akaiweka miguu ya msichana juu yake, na vitambaa vyake na vumbi lake.

"Mektrida," Mzee akasema, "unajua hicho ni kiti cha nani?"

"Najua, baba. Ngoja damu irudi, nitakufutia."

Haikuchukua muda. Priska akafumbua macho, akauliza kama gauni limechanika. Mzee akamtazama pale chini, akamtazama binti yake Dominika, kisha akasema, "Marahaba, mjukuu wangu."

Habari ya mchumba haikutajwa tena. Kwa ajili ya kiti Mektrida alitozwa faini ya mbuzi, akaitoa yote, na aliyejaribu kumpa pole aliambiwa, "Mbuzi anazaa."

Priska alimaliza darasa la sita mwaka 1951. Mwaka 1953 Mektrida na Basili waliuza kahawa wakamnunulia cherehani ya kukanyaga, wakampangia chumba kando ya barabara Himo. Waliona wenyewe kwamba miguu ikikanyaga siku nzima, giza halimjii sana. Sare nyingi za shule mnazoziona hapa leo zimetoka chumba kile.

Mwezi wa Septemba 1957 marehemu alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa Moshi, akarudishwa nyumbani. Mwezi uliopita, akiwa hawezi tena kuketi, ndugu walikuja kumwona, na Dominika, kwa nia njema safari hii, nakiri, akauliza, "Wifi, ukituacha, nani atamwangalia Priska? Afunge kile chumba, aje akae kwangu."

Mektrida akasema, "Muulize mwenyewe. Kinywa anacho."

Priska alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Akasema, "Shangazi, nakushukuru. Lakini mimi najua kuanguka kwangu na kuinuka kwangu. Nitabaki Himo."

"Na ukianguka njiani peke yako?"

"Nitalala mpaka damu irudi, halafu nitaendelea na safari."

Mektrida alicheka mpaka tukaogopa. Kisha akamwambia wifi yake, "Umesikia? Sasa niache nilale." Alipokea sakramenti, akafariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 11 Februari 1958, akiwa na miaka hamsini.

Ameacha mume, Basili. Watoto watatu, Priska, Sirili na Primus. Baba mkwe, Mzee Thadeus. Wifi yake Dominika. Na mimi ndugu yake. Tangu jana nimeulizwa na watu wengi, kwa kunong'ona, binti atahamia kwa nani. Ninajibu mara moja kwa wote: hahamii. Jumatatu chumba cha Himo kitafunguliwa. Mwenye kitambaa apeleke.

Bwana ampe Mektrida pumziko, kwa kuwa kazi aliyopewa ameimaliza.