Kaanaeli Yusto Mrutu, Mume Wangu, na Yule wa Kwenye Sanduku

Bwana Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na ninyi nyote mliopanda mlima kuja kutuzikia.

Kwa desturi karatasi hii ingesomwa na shemeji yangu Tumainieli, mdogo wake marehemu. Nimeomba niisome mwenyewe. Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia kwamba yeye angesoma habari za redio mpaka jua litue na mume wangu asitajwe hata mara moja. Hiyo mliyogawiwa inasema "mkewe" kila mahali, maana ndivyo zinavyoandikwa. Mkewe huyo ni mimi, Eliakunda. Tena kuna neno moja alilolisema marehemu asubuhi ile aliyofariki, na tangu juzi wanaume wamekaa hapo uani wakisema hakuniulizia mimi. Tutalifikia.

Marehemu Kaanaeli Yusto Mrutu alizaliwa hapa Chome tarehe 3 Agosti 1917, Waingereza wakiwa ndio kwanza wameshika nchi. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Yusto Mrutu na Mama Ernesta, akimfuata dada yake Rogathe. Mama yetu, ambaye Mungu amemwacha aione siku hii ngumu, anasema hakuwa mtoto wa kulialia. Mvua ikianza kupiga kwenye majani ya mgomba, ananyamaza. Jirani akitwanga, ananyamaza. Mama alifurahi kupata mtoto mtulivu. Mimi niliyekuja kuolewa naye niliujua utulivu huo vizuri zaidi.

Alisoma katika shule ya misheni hapa hapa Chome tangu mwaka 1928 hadi 1932, akamaliza darasa la nne. Wazee wanakumbuka siku alipokutwa baada ya ibada amefungua mgongo wa kinanda cha kanisa na kuingiza kichwa chote ndani. Mwalimu akamuuliza anatafuta nini mle. Akajibu, "Namtafuta huyu anayeimba." Alichapwa kwa kufungua kinanda, kisha akasahihishwa Kiswahili chake: kinanda ni kitu, na kitu hakiitwi "huyu". Fimbo zilimwingia, lakini sahihisho halikumwingia. Mpaka siku ya mwisho, chochote chenye sauti kwake kilikuwa mtu. Nyundo ilikuwa hii, sufuria ilikuwa hii, lakini redio alikuwa huyu: ameamka, amechoka, leo hataki kusema. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililonitesa.

Useremala alifundishwa na baba yake, kisha akateremka tambarare, upande wa Same, kufanya kazi kwenye shamba la mkonge. Mwaka 1940 aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma, na huko akawekwa pamoja na watu wa simu za upepo, zile redio za jeshi. Alirudi mwaka 1946 akiwa mzima, tunashukuru. Akafungua chumba chake cha ufundi karibu na stesheni ya Same, akitengeneza gramafoni na redio za watu, na kila Jumamosi alipanda kuja nyumbani. Alikuwa fundi mwaminifu, na hakuna aliyekuja kulalamika mlangoni kwetu.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1947, katika kanisa hili lililo nyuma yenu. Marehemu alinisikia kabla hajaniona. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, yeye akipita njiani, akasimama nje mpaka tukamaliza. Alipokwenda kwa baba yangu hakulijua jina langu. Alisema anamtaka yule wa sauti ya pili, anayechelewa kidogo kuingia. Nyumba nzima ilicheka, nami nilivimba kichwa mwezi mzima. Sikujua kwamba mwanamume anayeoa kwa masikio anaweza kuibiwa kwa masikio hayo hayo.

Mwizi aliingia mwaka 1951. Mwaka huo marehemu alianza kusikia sauti kutoka Dar es Salaam, na spika za dukani zikamkera. Alisema zinaongea puani. Akaamua kuunda ya kwake. Sumaku aliitoa kwenye mtambo mbovu wa kijeshi. Waya wa shaba, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, aliuzungusha kwa mkono. Ule mdomo wa karatasi aliufinyanga kwa mfuko wa saruji uliolowekwa na kupondwa, na pembeni akauzungushia kitambaa laini ili uweze kupumua. Kitambaa hicho kilikuwa shela langu la harusi. Nilipouliza, alisema amekata kipande kidogo tu, cha nyuma, ambacho hakionekani.

Na sanduku lake? Kulikuwa na mbao za mkulo zilizotoka msitu wa Shengena, zimekaa darini zikikauka tangu tulipooana. Zilikuwa za kitanda chetu. Aliniahidi kitanda hicho mbele ya mama yangu mzazi. Mbao zikashuka, zikarandwa, nyumba nzima ikanukia, na kilichotoka ni sanduku la kumlaza yule. Sisi tuliendelea na kitanda cha kamba. Kiko bado, anayetaka aingie akione.

Ilikuwa spika moja tu. Marehemu hakutaka moja ya sauti nene na nyingine ya sauti nyembamba. Alitaka huyo mmoja aimbe zote, kwa sababu, alisema, mtu ana koo moja. Lakini spika ya namna hiyo haipendi kukaripiwa. Inataka amplifaya, yaani ile mashine ya kuipa nguvu, iliyo ndogo na ya taratibu, ya vile vitaa vya kioo vinavyowaka vyekundu. Hapo ndipo alipoanza kutafuta wa kumwoanisha naye. Alileta moja, akaisikiliza, akasema, "Huyu anamfokea." Alileta nyingine, akasema, "Huyu anambembeleza mno, hata hasemi ukweli." Jumamosi hadi Jumamosi, mume wangu alikaa na mkono shavuni akisikiliza kama wale wawili wanapatana. Mimi na yeye tulikuwa hatujasemeshana tangu asubuhi, na hilo hakulisikia.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeimba mle ndani, sikuwahi kulijua jina lake na sitaki kulijua. Marehemu alikuwa akifumba macho. "Sikia," alisema, "sikia anavyovuta pumzi kabla ya neno." Alisikia pumzi ya mwanamke aliyeko Dar es Salaam, na mimi niliyeko jikoni nikiita chakula tayari, hakunisikia. Jamani, nilimwonea wivu mwanamke yule. Hata leo sijaacha.

Sasa ile habari mnayoipenda. Mwaka 1954, Tumainieli alikwenda Same kununua chumvi, akarudi na salamu za kaka yake. Alisimama mlangoni pangu, mbele ya wanawake waliokuwa wakinisaidia kupukuchua mahindi, akazitoa neno kwa neno: "Mwambie Mama Elirehema nimempata mwenzake. Ametoka Nairobi. Ni mdogo, mpole, hana makelele. Jumamosi nampandisha. Asafishe ile kona ya chumbani."

Nani kati yenu angeelewa vingine? Mwenzake! Nilipukuchua hindi lile mpaka likabaki gunzi tupu na bado napukuchua. Jumamosi nilishuka mpaka njia panda, gari linapoishia, nikiwa na mama yangu, mzee wa kanisa, Mchungaji huyu mnayemwona, na sauti ya pili yote ya kwaya. Gari likafika. Mume wangu akateremka kwa uangalifu, amebeba kitu mikononi kama anavyobebwa mtoto mchanga, amekifunika kwa koti lake la Keya. Akatukuta tumejipanga. Hakushangaa hata kidogo, alidhani tumekuja kupokea. "Msimguse," akasema, "amechoka na safari."

Akafunua koti. Bati jeusi, na vitaa vya kioo juu yake.

Nikamuuliza, "Huyu ndiye mwenzangu?"

"Mwenzako tena? Huyu ni mwenzake yule wa nyumbani," akasema, uso wote umejaa furaha. "Watapatana, utaona."

Watu walicheka. Bwana Mchungaji, wewe ulicheka mpaka ukashika mti. Mimi sikucheka. Mwanamke wa Nairobi ningejua pa kumshika, ningempandishia maneno, angerudi kwao. Bati lile ningelifanya nini? Nililisafishia kona.

Na hapa, mbele ya jeneza, nitasema kweli ijapokuwa inaniuma: walipatana. Jumapili ile baada ya ibada aliwaunganisha, akawasha, akangoja vitaa viwe vyekundu. Mtu aliongea mle ndani, nami nikageuka kumtazama mlangoni. Haikuwa sauti ya sanduku. Ilikuwa sauti ya mtu ameingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Mama Ernesta alimwitikia, "Marahaba." Marehemu aliinama akafuta machozi, na mimi nikatoka nje kwenda kukata majani ya ng'ombe. Machozi hayo hakuyatoa siku ya harusi.

Tangu hapo kila Jumapili nyumba ilijaa. Mlikuja, mkakaa, mkala makande yangu, mkanyamazishana. Nilipita na sahani na mtu akaniambia, "Shh." Nyumbani kwangu. Sitamtaja, anajijua, amevaa kofia ya kahawia.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi wa Agosti mwaka jana, 1958. Alitibiwa hospitalini, akapata nafuu kidogo, na mwezi wa Januari aliomba arudishwe nyumbani. Tulimpandisha kwa machela. Alikuwa mgonjwa mpole. Betri lililowawasha wale wawili lilikuwa limekwisha nguvu siku nyingi, na sanduku lilikaa kimya kwenye ile kona. Ninyi wote mliokuja Jumapili zile mlikuja pia kumwona, nawashukuru, lakini hakuna aliyesema atalishusha betri Same likachajiwe. Na marehemu hakuomba. Alikuwa akilitazama tu lile sanduku, jinsi mtu anavyomtazama mgeni ambaye hajapewa kiti.

Nilivumilia nikashindwa. Jumatano wiki hii nilisokota kata, nikajitwika lile betri, nikashuka. Mimi. Maji yake makali yalimwagika yakanitoboa khanga begani, matundu haya hapa. Nilimwambia nakwenda wapi, na akaushika mkono wangu. Nililala Same kwa binamu yangu betri likinywa moto, na Alhamisi asubuhi nikaanza kupanda nalo. Njia nzima nilimtukana yule wa kwenye sanduku. Nilimwambia utaimba leo, utamwimbia mpaka apone, halafu mimi na wewe tutaonana.

Kwenye kona ya mwisho, kabla ya nyumba kuonekana, nikasikia wanawake wanalia. Nikalitua betri pale pale njiani.

Marehemu alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 12 Machi 1959, saa nne za asubuhi. Wifi yangu Rogathe ndiye aliyekuwa naye. Anasema alifumbua macho akauliza, "Amerudi?" Yeye akamjibu, "Bado, yuko njiani." Marehemu akasema, "Basi nitamsubiri." Hakuweza.

Ndilo neno lenyewe. Amerudi. Angekuwa mtu mwingine yeyote, Kiswahili kingenitetea: betri limerudi, mke amerudi, kwisha. Lakini ni Kaanaeli, ambaye mwalimu alimchapa na hakujirekebisha. Tumainieli anasema kaka yake aliulizia betri, maana alikuwa akitazama ile kona. Mwenye kofia ya kahawia anamuunga mkono. Nimemuuliza Rogathe alikuwa akitazama wapi hasa, mlangoni au kwenye kona, naye analia tu, anasema alikuwa akimpanguzia jasho hakuona. Siku mbili sijalala kwa ajili ya neno hilo. Nimemwonea wivu betri, mimi mwanamke mzima, na mume wangu amelala ndani hajazikwa.

Marehemu ameacha mama mzazi, Mama Ernesta, dada mmoja, Rogathe, mdogo wake, Tumainieli, mjane, na watoto wawili, Elirehema na Esta. Sanduku nalo limo kwenye orodha hiyo ya karatasi zenu, chini ya jina la Esta, kwa sababu Tumainieli aliniomba liandikwe, na nimemkubalia ili tusigombane leo. Ameomba pia liwashwe hapa kaburini, kwa kuwa betri limejaa. Hilo nimekataa. Leo mmekaa kimya mkanisikiliza mimi, na hakuna aliyeniambia "shh".

Na neno lile nimelimaliza leo alfajiri, nilipokwenda kulichukua betri nilikoliacha. Nililikuta pale pale, kando ya njia, limelowa umande. Halikuwa limesogea. Likanitazama. Nikajitwika tena, nikaja nalo, na njiani nikaelewa. Betri halina miguu, Tumainieli. Alijua ni nani aliyekwenda, alinishika mkono. Hata kama alikuwa anatazama kona, hata kama alikuwa na kiu ya yule mwimbaji wake, wa kurudi alikuwa mmoja tu.

Nimerudi, Baba Elirehema. Nilichelewa kidogo kuingia, kama kawaida yangu. Sasa lala, upumzike kwa amani, wala usimsubiri mwingine.