Mifuko Iliyoshonwa

Kwenye basi, mbele yangu walikaa fundi cherehani na mkewe. Mke alitaka kumtia pipi mfukoni, vidole vikakwama kwenye uzi. "Umeishona mifuko?"

"Mgonjwa wa kisukari abebe pipi, mama watoto? Watu watanicheka."

"Jana ulijidunga insulini, ukaruka chai ili upungue haraka, ukaenda kukimbia. Sukari ikashuka, nikakuokota getini. Pipi moja ingeipandisha. Bora wakucheke."

"Lakini kiuno kimepungua."

"Mimi sikuolewa na kiuno," alisema taratibu. Sisi abiria tukazama kwenye simu zetu, hata zilizozimika.

Basi likasimama kituo kimoja kabla ya kwao, fundi anaposhukia ili atembee. Mke, aliyelalamikia magoti safari nzima, akainuka pia.

"Wewe unaenda wapi?"

"Mfuko wako nitakuwa mimi. Tembea polepole."