Ndege Aliyegeukia Kwapani

Ndugu waombolezaji, marehemu, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkunga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1991 hadi 1997, sekondari hadi 2001, daftari zake zikiwa na michoro mingi kuliko hesabu, kisha chuo cha sanaa, alikohitimu 2004.

Mwaka 2005 aliingia karakana ya kaka yake, huyu anayewasomea, ambaye chuo hakukiona na hasira zake mnazijua, marehemu akawa anabuni nembo, rangi na fulana za vyama vya wanafunzi, na kila nembo yenye uso aliielekeza upande wa moyo wa mvaaji.

Alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa tarehe 6 Desemba 2008, wakajaliwa mabinti wawili, 2010 na 2013.

Tarehe 20 Mei 2016 wanafunzi wa uuguzi walifuata fulana zao mia na ishirini, wakakuta ndege wao amegeukia kwapani, kaka mtu akafoka mbele yao, "Muulizeni msomi aliyechora!", naye marehemu akautazama mchoro, akamtazama kaka yake, akasema, "Samahanini wanangu, ni mimi", na tangu hapo akaitwa Mama Kinyume, vyama vingi vikapeleka kazi kwingine.

Sasa ijulikane, na anayesema ni huyuhuyu anayejisifu kuwa hana konakona: mchoro ulikuwa sahihi, kaka mtu ndiye aliyeibandika karatasi ya mchoro kwenye fremu ya kuchapia ikiwa imegeuzwa, akagundua jioni ileile akiosha fremu, akanyamaza miaka minane, huku dada yake akimtilia chai kila asubuhi karakanani bila kumsuta.

Januari 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa, kaka yake akaenda mara nne ili amwambie, mara zote nne akaishia kumuuliza kama amekula, na tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, dada yake akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, mafundi wenzake, na muuguzi aliyemwogesha hadi mwisho, mmoja wa wanafunzi wale, ambaye leo amekuja na fulana ileile, nanyi mkimwona yule ndege, mjue aliyemgeuza ndiye huyu aliyesimama hapa.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kosa halikuwa lako.