Dada Yetu, Aliyeikataa Namba Yake Mwenyewe

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto alichofanyia kazi baba yetu.

Alianza shule mwaka 1958. Siku moja mwalimu aliwaagiza wapime urefu wa dawati. Wenzake waliandika namba moja, yeye akaandika namba tatu tofauti. Alipokemewa alijibu, "Mwalimu, dawati lenyewe limepinda." Alichapwa, lakini hakufuta hata moja. Tangu hapo tulimwita Rudia, maana hakuna alichokipima mara moja tu.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kwenye maabara ya mionzi, chumba namba sita, ghorofa ya chini. Kazi yake ilikuwa kupima nguvu ya mionzi ya beta, yaani chembe ndogo mno zinazorushwa na elementi zenye unururifu. Sumaku huipinda njia ya chembe hizo. Yenye nguvu hupinda kidogo, dhaifu hupinda sana. Mwaka 1979 aliolewa na mfamasia, mtu mpole, na kuishi na Rudia kulihitaji upole huo.

Namba yake, yaani kipimo cha nguvu ya mionzi ya dawa moja ya hospitali, ilichapishwa mwaka 1984, na hospitali zikaitumia kukadiria dozi za wagonjwa. Miaka miwili baadaye aligundua kosa lake mwenyewe. Tone la dawa aliyoipima lilikuwa limekauka likawa gamba nene, na mionzi ilichoka kabla ya kutoka. Namba ilikuwa ndogo kuliko ilivyopaswa.

Mkuu wake alimsihi: "Dada, ni sehemu tatu kwa elfu tu. Nani ataona? Na wewe ndiye unayetajwa kuongoza idara."

"Bosi, mficha maradhi kifo humuumbua," alijibu, akachapisha kosa lake kwa jina lake. Uongozi alipewa mwingine. Iliuma, tusidanganyane, alilia wiki nzima, kisha akarudi chumba namba sita.

Ilimchukua miaka sita kulifanya tone likauke kuwa utando mwembamba badala ya gamba. Mwishowe alimwomba mumewe insulini kidogo, kwa kuwa hulifanya tone litandae sawasawa.

"Nani anaumwa?" shemeji aliuliza.

"Namba yangu."

Namba mpya ilitoka mwaka 1992.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Hata wodini, wauguzi walilazimika kumpima uzito mara mbili. Wiki iliyopita mwanafunzi wake wa zamani alimletea habari kwamba maabara nyingine imepima upya, na namba zimelingana. Dada alimkazia macho: "Usipige vigelegele. Waulize utando wao ulikuwa na unene gani."

Alifariki Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023, saa kumi alfajiri, kabla hajajibiwa. Jibu lilifika Ijumaa asubuhi, karatasi hizi za wasifu zikisubiri kuchapishwa: utando wao ulikuwa mwembamba mara kumi kuliko wake, na namba ni ileile, yaani utando wake haukuipunguza.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, kaka mmoja na mimi mdogo wake ninayewasomea.

Dada, ulikuwa sahihi. Pumzika sasa, kwa amani.