Mpaka wa Nyumba ya Hewani

Kijiwe chetu ni benchi moja refu nje ya duka la Hafiz, hapa Kisii mjini. Ndani Hafiz anauza vitambaa, nje anauza kahawa, na sisi tunamaliza kahawa bila kununua kitambaa. Jumanne hiyo nilimkuta Gulled, tunayemwita Jaji kwa vile aliwahi kuwa shahidi kortini, na Anyona, Injinia wetu, aliyebeba zege ujanani. Halafu akatokea Abner wa Nyacheki, mkulima wa chai, amevaa suti ya kanisani siku ya kazi.

— Abner, nani amekufa? nikamuuliza.

— Hakuna. Leo mchana natia sahihi. Nanunua nyumba, gorofa ya nne!

Yaya! Hata Hafiz aliacha kumimina. Abner wetu huyu, kumiliki nyumba juu ya vichwa vya watu!

— Shamba la chai tumeuza, akasema. Mimi na Mama Persis hatuwezi tena kuchuma. Tutapangisha, tule kodi. Ni hiyo pesa ya shamba tu tumebaki nayo.

— Umetafuta ushauri wa sheria? Jaji akauliza, amekunja nne.

— Wa nini? Nimeshazunguka mpaka.

— Mpaka wa gorofa?

— Sasa Jaji, kwetu nani hununua shamba bila kuzunguka mpaka na majirani? Nilibisha kushoto, nikabisha kulia. Nikapanda juu, jamaa akatoka na taulo. Nikamwambia, jirani, nionyeshe unapoishia. Akanionyesha sakafu.

— Ngoja! Injinia akaruka. Sakafu yake si ndiyo dari yako? Basi ile zege mmegawana nusu kwa nusu. Akipigilia msumari mrefu, ameingia kwako!

— Na akifanya harusi?

— Wageni wote wanacheza kwa shamba lako.

— Hayo ni madogo, Jaji akasema. Ukinunua hewa, umenunua na vilivyomo. Ndege akipita dirishani ni wako, mpaka afike dirisha la jirani.

— Na mvua je?

— Mvua ni ya mwenye gorofa ya juu kabisa. Nyinyi wengine mnapata ile ya kusukumwa na upepo.

Unacheka? Sisi hatukucheka. Tuliinua macho tukaziangalia zile gorofa za ng'ambo ya barabara, watu wameanika nguo huko juu kabisa, na mimi mzima nikashikwa na kizunguzungu.

— Na wakili yupo, Abner akaongeza. Si wakili wa mchezo! Ofisi ina zulia mpaka mlangoni pa choo. Alinipa soda baridi, akaniita mzee wangu. Akasema nisijisumbue, kila kitu ameshasoma.

— Kila kitu?

— Kila kitu!

— Aisee, Jaji akanong'ona. Mtu kama huyo akiingia kortini, hakimu ndiye husimama.

Tukamwamini. Zulia mpaka chooni, bana!

Hapo ndipo Drusilla, mkewe Abner, alipofika akihema, mkoba wa kanisani begani. Akatusalimu sote kwa adabu, kisha akamgeukia mumewe.

— Baba Persis, huyo wakili ulimtafuta wewe?

— Mwenye kuuza ndiye alinipeleka. Na ndiye anamlipa! Sisi hatutoi hata ndururu.

— Haya. Siku tukikosana na mwenye kuuza, huyo wakili atasimama upande wa nani?

Nilimwangalia Jaji. Jaji alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu. Injinia akakohoa, wala hana kifua. Abner akalegeza tai. Nikamwonea huruma kwelikweli.

— Lakini alinipa soda, akasema kwa sauti ndogo.

Drusilla akamsogeza Jaji kwa kiwiko, akaketi karibu na mumewe, akafungua mkoba.

— Hafiz, mpe Baba Persis kahawa, anywe tuondoke. Hii tutalipa wenyewe. Na wakili wetu pia.