Mgomba wa Oundo

Siku Oundo alipovuka mpaka kwenda kutafuta kazi Uganda, mamake, Rosebella, alikuwa akianika mihogo, hata hakuinua kichwa. Miaka kumi na minne imepita bila habari. Sasa ukoo umeamua kuzika shina la mgomba badala yake, kama watu wake, Wamarachi, wanavyomfanyia aliyepotea.

Ndani ya gari la kutoka Malaba, Rosebella alimweleza hayo katekista aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua. "Usikubali haraka, mama," katekista akasema. "Yeremia aliwaandikia mateka kule Babeli wajenge, walime, na baada ya miaka sabini watarudi kwao."

"Sabini? Mwalimu, mimi niko sitini na nne tayari!" Dereva akacheka. Rosebella hakucheka. "Na waliorudi walikuwa nani?"

"Wengi walikuwa wajukuu," katekista akakiri.

"Basi mama zao walingoja bure."

"Ahadi ilitimia, mama."

"Ilitimia kwa wengine. Mimi nilizaa Oundo."

Katekista alifungua Biblia, akaifunga, kama mtu aliyeingia duka lisilo na anachotaka. Gari likasimama Busia, wakashuka.

Mazishi ni Jumamosi, na kwa desturi hakuna anayetupa udongo kaburini kabla ya mama; asipotupa, mgomba hauzikwi.